Mashimo Manne Chini ya Meza

Jumanne, 18 Machi

Leo, saa tatu na robo asubuhi, nimepoteza jiliwa. Halikuibwa, halikuvunjika. Limefunguliwa mbele ya macho yangu, bolti nne, kwa spana yangu mwenyewe, likapanda begani mwa mdogo wangu wa tumbo moja, likatoka mlangoni. Naandika saa na dakika ili baadaye mtu asije kuniambia niliota.

Asiyejua jiliwa ajue: ni mkono wa tatu wa seremala. Ni mataya mawili ya chuma yanayofungwa ukingoni mwa meza ya kazi. Unazungusha mpini, yanabana ubao, nawe unabaki na mikono yako yote miwili kwa ajili ya randa. Seremala asiye na jiliwa ni kinyozi anayemkimbiza mteja kuzunguka chumba.

Chanzo ni hiki. Tuna kazi ya madirisha kumi na mawili ya wodi ya wazazi. Paa lipo, kuta zipo, lakini penye madirisha pametundikwa nailoni, na masika ndiyo haya yameanza. Mkunga mkuu anayataka yote kumi na mawili ifikapo Jumatano, tarehe 30 Aprili. Basi asubuhi nikasimama na saa ya mkononi. Mimi kwa saa moja nalainisha kingo za mbao kumi na nne. Mdogo wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mashoto kwa kuwa anaandika, anapiga mswaki na kurusha mawe kwa kushoto, alilainisha tisa.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, konokono na nyumba yake mgongoni anakupita."

Akaweka randa chini, polepole vilevile. Akachukua spana, akaingia chini ya meza.

"Unafanya nini wewe?"

"Dada, meza ni yako. Jiliwa ni langu. Nililiokota kwenye chuma chakavu, kutu tupu, nikalifufua kwa mikono yangu. Nachukua changu."

"Na madirisha?"

"Baki na saa yako," akasema. "Itakusaidia."

Hata kuondoka kumemchukua dakika kumi na moja. Mimi bolti nne nafungua kwa nne.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Hakuja.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Hakuja. Nimejaribu kuubana ubao kwa kuukalia. Nimelainisha mbao tatu na sketi moja.

Jumamosi, 22 Machi

Acha niyaandike yote, karatasi haichoki kusikiliza.

Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilikuwa nikichungulia ua wa seremala mmoja kupitia tundu la ukubwa wa kifungo, mwaka mzima, mpaka shavu langu likaota alama ya ubao. Msumeno wa kwanza niliazima. Meza hii nimeiunda mwenyewe: urefu sentimita mia mbili na arobaini, unene milimita sitini na mbili, miguu minne ambayo haijawahi kucheza. Hakuna aliyenisogezea hata msumari. Mashoto nikamkaribisha akiwa hajui kichwa cha nyundo ni kipi. Miaka kumi na miwili! Tumepokezana jiliwa moja, yeye akibana mimi nakata, mimi nikibana yeye anatia gundi. Leo ananiachia mashimo manne kwenye meza, kama mpangaji aliyehama na vitasa.

Nimehesabu. Kwa tofauti ya mbao tano kila saa, saa nane kwa siku, mtu huyu amenichelewesha mbao arobaini kila siku ya Mungu. Nani angenyamaza?

Jumatatu, 24 Machi

Mkunga amekuja na mwavuli uliogeuka nje ndani.

"Fundi, jana mtoto amezaliwa akapiga chafya kabla ya kulia."

"Nitamaliza, Sista."

"Umeanza?"

Nikamwonyesha mbao tatu. Akaziangalia, akaangalia na sketi yangu. "Ya nne iko wapi, umeivaa?" Akacheka peke yake mpaka mlangoni. Mimi nikacheka alipokwisha kukata kona.

Ijumaa, 28 Machi

Nimepata! Nimepata, na nitaandika nilivyochagua, kwa kuwa watu huchagua jiliwa kama wanachagua tikiti maji, kwa kuligonga.

Muuza vyuma alikuwa nayo matatu. La kwanza alilisifu mpaka povu. "Mama fundi, hili hata tembo hachomoki."

Lilikuwa jiliwa la fundi chuma: linakaa juu ya meza kama chura, na mataya yake yana meno.

"Hili linauma," nikamwambia. "Mbao zangu zitatoka na alama kama zimeng'atwa na mbwa."

"Chuma ni chuma, mama."

"Na meno ni meno. Lete la pili."

La pili pana, inchi kumi, limepakwa rangi ya kijani mbichi. Rangi mpya juu ya chuma cha zamani hunitia wasiwasi. Nikakwaruza kwa ukucha chini ya taya: mstari wa kulehemu. Liliwahi kupasuka. Muuza vyuma akatazama dari, kana kwamba ndiyo iliyolehemu.

La tatu lilikuwa chini kabisa, inchi saba, kilo kumi na nne, halina rangi wala maringo. Nikalifungua mpaka mwisho, nikashika taya la mbele nikalitikisa: halichezi. Nikazungusha mpini: mizunguko saba kamili linafunga, bila kukwama. Kisha nikabana karatasi. Juu ikashikwa, chini ikapita.

"Unaona, limepinda," akasema, akidhani atanirudisha kwa la kijani.

Halikupinda. Jiliwa zuri la mbao hugusana juu kwanza; ukilikaza, na chini panafuata. Sikumwambia. Elimu yangu niliipata kwa tundu la ukubwa wa kifungo, naye atafute tundu lake.

Nimelileta kwa mkokoteni, nimelifunika koti langu. Nimelowa chapachapa, lenyewe kavu. Njiani nimeimba.

Jumatatu, 31 Machi

Kufunga jiliwa ni hesabu, na hesabu ndiyo nyumbani kwangu. Taya lisizidi uso wa meza hata kidogo, la sivyo randa italigonga. Mimi napenda likae milimita nane chini ya uso, juu yake nijazie mbao laini. Kutoka kitako cha jiliwa mpaka ncha ya taya ni themanini. Meza ni sitini na mbili. Themanini toa nane ni sabini na mbili. Toa sitini na mbili ni kumi. Kwa hiyo, kati ya meza na jiliwa, naweka kipande cha kujazia cha milimita kumi. La zamani lilikuwa fupi, halikuhitaji kujaziwa.

Upande? Kushoto mwa meza, palepale lilipokuwa la zamani. Mtu wa mkono wa kulia husukuma randa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo jiliwa hukaa kushoto, msukumo uishie kwenye kibano. Kila fundi anajua. Hata halikuhitaji kufikiriwa.

Jumanne, 1 Aprili

Zamani tulikuwa wawili: mmoja analala chini akiinua, mwingine anatia bolti kwa juu. Leo nipo mimi na kilo kumi na nne zinazotaka kunilalia kifuani. Nikaazima jeki ya gari kwa jirani. Nikaliweka jiliwa juu ya jeki, nikapampu, nalo likapanda taratibu mpaka likaibusu meza. Bolti nne zikapita, washa, nati, kaza. Saa moja na dakika ishirini, mtu mmoja!

Nilitoka nje kwenye manyunyu nikawatangazia kuku.

Jumatano, 2 Aprili

Aibu.

Nimebana ubao wa kwanza, nikasukuma randa kwa mbwembwe, ikaenda ikaimba, halafu KRRAK. Bapa la randa limepiga chuma. Limepukutika ncha.

Taya limezidi meza kwa milimita nane. Si chini. Juu.

Nilitakiwa kujumlisha. Themanini *ongeza* nane ni themanini na nane, toa sitini na mbili, kipande cha ishirini na sita. Mimi, ambaye watu wa mtaa huu huniletea hesabu za watoto wao wa darasa la saba! Nilikuwa nahesabu huku namsemesha mtu asiyekuwepo. Hasira haijui kujumlisha, inajua kutoa tu.

Nimenoa bapa siku nzima.

Ijumaa, 4 Aprili

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama, nimelala, nimeviringika. Jeki tena, nati tena, kipande kipya cha ishirini na sita. Sasa taya limekaa nane chini, sawasawa, nimepitisha rula mara tatu.

Nikiwa chali mvunguni nimeona kitu. Upande wa pili wa meza, kulia, kuna vizibo vinne vya mbao, vya duara, vimepangwa kwa pembe nne. Nimepitisha ukucha juu yake: haushiki popote. Aliyeviziba ni fundi hasa. Sikumbuki kuviziba mimi. Lakini meza ina umri, na mimi pia.

Jumapili, 6 Aprili

Nimekutana na wifi, mke wa Mashoto, akitoka sokoni.

"Wifi, konokono wangu hajambo?"

"Hajambo. Amepata kazi ya kupaua, ila mvua haimruhusu kupanda paani. Yuko nyumbani ananyoosha misumari iliyopinda. Jana kamaliza yote, usiku wa kuamkia leo nimemfumania anaipinda tena apate cha kunyoosha."

Tukacheka mpaka karoti zikamwagika. Kisha akakumbuka yuko upande gani, akanuna, akaenda zake.

Jumatatu, 7 Aprili

Jiliwa linafanya kazi. Ee, linafanya kazi! Linabana kama mama aliyemkamata mtoto sokoni. Mbao kumi na nne kwa saa, na moja ya nyongeza.

Jumanne, 8 Aprili

Dirisha la kwanza. Siku mbili kamili.

Alhamisi, 10 Aprili

La pili. Mvua inapiga bati, mimi napiga randa, hatujui nani anamfuata nani.

Jumamosi, 12 Aprili

La tatu. Nimegeuka kumwambia mtu, "Ona kiungo hicho." Hapakuwa na mtu.

Jumatano, 16 Aprili

Siku mbili kila dirisha, haipungui wala haizidi. Nimefanya hesabu niliyokuwa naikwepa. Kumi na mawili kwa siku mbili ni siku ishirini na nne. Nilianza tarehe saba. Hata nikifanya kazi Jumapili zote zilizobaki, sifiki. Mkunga bado hajui.

Ijumaa, 18 Aprili

Mkunga amepita kuchukua matano yaliyokwisha. Amelifungua na kulifunga moja mara kumi, kama mtoto. "Halilii!" akasema. "Fundi, dirisha lisilolia!" Nikashindwa kumwambia hesabu.

Jumanne, 22 Aprili

La saba. Yamebaki matano na siku nane.

Jumatano, 23 Aprili

Leo nitaandika mpaka kidole kiume.

Wifi alikuja asubuhi, mvua imepumzika kidogo, amebeba patasi yangu moja ambayo Mashoto aliikuta kwenye mfuko wake wa zana. Ameirudisha ikiwa imenolewa. Nikamkaribisha kiti. Hakukaa. Akazunguka meza, akaliangalia jiliwa jipya, akaguna.

"Umelifunga palepale."

"Nilifunge wapi, wifi, darini?"

"Wewe unahesabu kila kitu. Unahesabu matone ya gundi. Hili hukulihesabu?"

"Lipi?"

"Mume wangu anapasua kuni kwa mkono gani?"

"Kushoto. Ndiyo jina lake."

"Na hapa kwako, miaka kumi na miwili, alikuwa anapiga randa kwa mkono gani?"

Kwa kulia. Nilimwona kila siku ya Mungu. Nilidhani ni kwa sababu nilimfundisha vizuri.

"Jiliwa limekaa kushoto," akasema wifi, sauti imeshuka. "Mtu wa shoto husukuma randa kwenda kulia. Angelisukuma hivyo hapa, ubao ungelichomoka kwenye kibano. Kwa hiyo aligeuza mwili wake. Jioni anarudi bega limekufa, namkanda kwa maji moto. Alikuomba, wifi. Mara tatu. Mara ya kwanza alishaanza kutoboa."

Hapo ndipo nilipoviona tena vile vizibo vinne. Na nikajisikia mwenyewe, miaka kumi na miwili iliyopita, nimesimama pale pale, kalamu sikioni, nasema, "Ebo! Meza yangu si chujio! Toa keekee yako hapo!" Alikuwa ametoboa nusu ya unene tu, kutokea chini. Akaziba mashimo yake manne kwa ufundi ambao ukucha haushiki.

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Aliniapisha. Ila kiapo nacho kina mwaka wake wa kuisha."

"Na jiliwa lake kalifunga wapi sasa?"

"Halijafungwa popote. Liko chini ya kitanda, ndani ya gunia. Kila Jumapili analipaka mafuta. Nalala juu ya chuma, wifi yangu. Nihurumie na mimi."

Alipoondoka nilikaa juu ya meza yangu, mimi ninayemkataza kila mtu kuikalia.

Alhamisi, 24 Aprili

Siamini maneno mpaka niyapime. Saa moja asubuhi nimelifungua jiliwa. Nimelihamishia kulia. Nilipoweka kipande cha kujazia na kupima nafasi ya bolti, mashimo yake ya miaka kumi na miwili yalipishana na yangu milimita tatu tu. Aliyapima kwa macho ya kuona mbele. Nikavizibua vile vizibo, nikamalizia kutoboa alipoishia, nikapanua kidogo, jeki ikapanda, bolti zikapita.

Sasa mimi, mtu wa kulia, nilikuwa pale alipokuwa yeye: mbele ya jiliwa la mkono usio wangu. Nikavua saa, nikaiweka mezani. Nikashika randa kwa kushoto.

Mbao ya kwanza ilikwenda kama mbuzi anayevutwa mnadani. Ya pili nilijikwaruza. Jirani mwenye jeki alisimama dirishani akauliza kama nimelewa. Nilicheka hadi randa ikaniponyoka, nikaiokota, nikaendelea, jasho, kiuno, bega. Saa ilipotimia nikahesabu.

Nne. Na moja kati ya hizo ni kuni.

Yeye alikuwa anapata tisa. Tisa! Miaka kumi na miwili, saa nane kwa siku, akisikiliza mashairi yangu ya konokono. Sijawahi kuwa na fundi mzito humu ndani. Nilikuwa na bingwa niliyemfunga kamba mguu mmoja, halafu nikasimama na saa.

Ajabu ni kwamba sikulia. Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyegundua kwamba deni alilokuwa akilidai kwa kelele ni yeye anayedaiwa. Nimefagia karakana yote. Sijalirudisha jiliwa kushoto, na silirudishi.

Ijumaa, 25 Aprili

Asubuhi nimekwenda kwa mkunga kumweleza hesabu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Kwa nini unazungumza na mimi badala ya huyo mdogo wako?" Wakunga wanajua wapi pa kuvuta.

Nimeandika barua. Wifi atapita kuichukua saa sita mchana. Nainakili hapa, ili mtu asije kuniambia niliota.

"Mdogo wangu Mashoto,

Barua nzuri siziwezi, nakuandikia hesabu.

Mkono usio wako: mbao tisa kwa saa. Mkono usio wangu: nne. Konokono ni mimi. Nilikosa, na nilikosa mara tatu, kwa kuwa uliniomba mara tatu. Mimi hakuna aliyenifungia jiliwa, nikadhani kutofungiwa ndiyo shule yenyewe. Siyo. Nisamehe.

Jiliwa jipya liko upande wa kulia, kwenye mashimo yako mwenyewe. Kipande cha kujazia ni ishirini na sita. Nilianza na kumi, nitakusimulia ucheke. Ni lako. Upande wa kushoto mashimo manne yako wazi, na najua kuna kitu chini ya kitanda chako kinachoyatosha, na kwamba mke wako amechoka kukilalia. Likija, nitalifunga kushoto nisimame nalo. Lisipokuja, nitakalia ubao. Nina sketi mbili zimebaki.

Yamebaki madirisha matano. Ni siku kumi za mtu mmoja, au siku tano za watu wawili. Kesho hadi Jumatano ni siku tano. Peke yangu nitafikisha mawili na nusu, na nusu dirisha halizuii mvua. Hiyo ni kwa mwendo wangu. Wako, kwa mkono wako, siujui. Nina hamu ya kuujua kuliko kitu chochote mwaka huu.

Saa yangu ya mkononi iko ndani ya bahasha hii. Sina nyingine. Uliniambia nibaki nayo. Nimebaki nayo siku thelathini na nane, inatosha. Wewe ndiye utakayejua wakati umefika, mimi nitakuwa nimekaa tu mlangoni, chai mbili, mlango wazi.

Usiniandikie 'tutaona'. Usimtume mke wako na 'anakusalimu'. Nataka neno moja, kwa mdomo wako, ukiwa umesimama mbele ya meza yetu, kesho Jumamosi, saa moja kamili asubuhi: unarudi, ndiyo au hapana?"